Mbona matokeo ya kina dada hatuyapati?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Dukuduku lenyewe linahusu mpira wa kikapu wa wanawake, na najua kwamba kabla sijafika mbali wapo wasomaji watakaofunua ukurasa wa nyuma kutafuta habari za Simba na Yanga. Hao nawaomba wasubiri kidogo, maana hata Simba na Yanga nitawataja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilicheza kikapu miaka miwili, nikiwa mlinzi. Sikuwa hodari hata kidogo, ila chuo kilikuwa na uwanja wa saruji wenye vikapu viwili, kimoja hakina wavu, na palikuwa na mkufunzi aliyetaka kila mwanachuo wa kike aguse mpira kabla ya kuhitimu. Tangu nilipopangiwa kituo cha kazi, uwanja wa kikapu nauona nikienda mjini tu. Shuleni kwetu wasichana wanacheza mpira wa pete. Tunazo nguzo mbili za mti na pete za nondo ambazo fundi wa mageti alituchomelea bure, Mungu ambariki.

Basi mwezi Julai 2024 niliwaambia wanafunzi wangu wa darasa la sita kwamba Afrika imepeleka Paris timu moja tu ya kikapu cha wanawake, nayo ni Nigeria, na kwamba sisi tutaifuata timu hiyo mpaka itakapotolewa. Nilibandika karatasi ya manila ukutani, nikaipiga mistari, nikaandika tarehe na majina ya timu za kundi lao: Australia, Ufaransa na Kanada. Kila matokeo yakija yataandikwa, na siku hiyo somo la hisabati litaanzia pale: tofauti ya pointi, wastani wa kila kipindi, na kadhalika. Niliona ni jambo jepesi. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kuyapata hayo matokeo.

Jumatatu tarehe 29 Julai Nigeria waliwafunga Australia pointi 75 kwa 62. Jioni redio moja ikatangaza, katika dakika ya mwisho ya habari za michezo, kwamba Nigeria imeifunga Australia "mabao 75 kwa 62". Haikusema ni mchezo gani, wala haikusema ni wanaume au wanawake. Asubuhi watoto walikuja darasani wakicheka mpaka machozi, wananiuliza huyo golikipa wa Australia alikuwa amelala au amekufa. Kijana mmoja alishikilia kwamba waliocheza ni wanaume, kwa kuwa, alisema, wanawake hawatangazwi redioni. Nilimrekebisha, lakini moyoni nilijua kwamba ametoa sababu ya haki kabisa kwa mtoto anayesikiliza redio kila siku.

Hapo ningependa msomaji aelewe ushindi ule ulikuwa na uzito gani. Kikapu cha wanawake kiliingizwa katika Olimpiki mwaka 1976 huko Montreal, miaka 40 baada ya wanaume kuanza mwaka 1936. Timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kufika huko ilikuwa ya majirani zetu wa Zaire, kama nchi hiyo ilivyokuwa ikiitwa wakati huo, katika michezo ya Atlanta ya mwaka 1996. Tangu hapo kila baada ya miaka minne Afrika ilipeleka timu, na mara nyingi ilirudi bila kushinda mchezo hata mmoja. Mwaka 2016 huko Rio Senegal walifungwa na Marekani 121 kwa 56. Nigeria wenyewe walipata ushindi wao wa kwanza Athens mwaka 2004 dhidi ya Korea ya Kusini, kisha hawakushinda tena mpaka siku hiyo ya Australia. Miaka ishirini! Wanafunzi wangu wote walikuwa hawajazaliwa. Na hao Australia si timu ya kubahatisha. Walimaliza mashindano yale wakiwa na medali ya shaba. Siku hiyo Wanaijeria waliwabana mpaka wakapoteza mpira zaidi ya mara 20, na mtu yeyote aliyewahi kuwa mlinzi atakwambia kwamba mipira ya namna hiyo haipotei yenyewe. Inatafutwa kwa miguu na mapafu.

Mchezo wa pili, tarehe 1 Agosti, ulikuwa na wenyeji, Ufaransa. Sikupata neno. Redio ilinyamaza, na gazeti linalotufikia kwa basi, likiwa limechelewa siku moja, lilikuwa na ukurasa mzima wa wachezaji wa kandanda wanaohama timu. Nafasi ya tarehe 1 Agosti kwenye karatasi yetu ilikaa wazi siku tatu. Watoto walianza kuizoea, na hilo ndilo lililoniuma. Hatimaye mdogo wangu aliye Dodoma aliniletea ujumbe wa simu: Nigeria wamefungwa 75 kwa 54. Nikaujaza kwa kalamu nyekundu. Tarehe 4 Agosti wakawafunga Kanada 79 kwa 70, na kwa ushindi huo wakawa timu ya kwanza ya Afrika ya kikapu, ya wanawake au ya wanaume, kuingia robo fainali ya Olimpiki. Nasema tena, ya wanawake au ya wanaume. Habari ya namna hiyo niliipata kwa kununua bando kwa fedha yangu mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu, mahali ambapo mtandao unapatikana.

Robo fainali ilikuwa Jumatano tarehe 7 Agosti dhidi ya Marekani, saa nne na nusu usiku kwa saa zetu. Nilikwenda kwa mwenye kibanda cha video pale senta nikamwomba aufungulie. Akasema, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini kikapu cha wanawake usiku huu nani atakuja kulipa?" Nikamlipia viti kumi, Sh. 500 kila kimoja. Tulikuwa watu watano: mimi, mwalimu mwenzangu, vijana wawili wanaochaji simu hapo, na mwenye kibanda mwenyewe. Wanafunzi sikuwachukua, usiku si wakati wao. Marekani walituacha mapema, lakini wale wasichana hawakulegea, na mwisho ulikuwa 88 kwa 74. Nilikumbuka kwamba katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 kule Tenerife, Hispania, ambako pia walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali, Marekani hao hao waliwafunga 71 kwa 40. Kutoka tofauti ya pointi 31 hadi 14 ni safari, hata kama wote wawili ni wa kufungwa. Mwenye kibanda, ambaye alikuwa hajawahi kuona kikapu cha wanawake, mpaka dakika ya mwisho alikuwa ameshika kichwa na kumpigia kelele mwamuzi. Hakunirudishia fedha, lakini aliniuliza mchezo mwingine ni lini.

Mwalimu mwenzangu hakufurahi sana. Alisema, "Dada, unajisumbua. Hao ni Wamarekani waliovalishwa jezi ya kijani. Wamarekani wamefungana wao kwa wao." Sitaki kumficha msomaji kwamba neno lake lina ukweli ndani yake. Ezinne Kalu, ambaye ni injini ya timu ile, alizaliwa Newark, Marekani. Kocha wao, Rena Wakama, mwanamke wa kwanza kuifundisha timu hiyo na ambaye alichaguliwa kocha bora wa mashindano ya Paris, naye alizaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinaijeria. Wengine, kama Elizabeth Balogun, walianzia Nigeria ndipo wakaenda huko kusoma.

Lakini mimi kama mwalimu nilimwuliza mwenzangu, je, huko Marekani walipewa nini? Damu waliyonayo ni ya huku huku. Walichopewa ni shule yenye uwanja, mpira, na mtu wa kuwafundisha. Nacho hakikuanguka kutoka mbinguni: mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria inayokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya jinsia, na kwa sheria hiyo wasichana wakapata haki ya kucheza kama wavulana. Kabla ya hapo msichana wa Kimarekani naye alikuwa mtazamaji. Kwa hiyo ikiwa wale ni Wamarekani waliovaa jezi ya kijani, basi na tuseme wazi kwamba hasara ni yetu tunaowapa wavulana uwanja kila Ijumaa na wasichana mafagio. Nasema "tunaowapa" kwa kuwa nami nimefanya hivyo miaka mingi, nikijua fika utamu wa kuudunda mpira. Mwenzangu alinyamaza, ila hakukubali. Bado tunabishana mpaka leo.

Sasa nirudi kwa Simba na Yanga kama nilivyoahidi. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, na jioni ile watani hao walikutana katika Ngao ya Jamii, Yanga wakashinda 1-0. Kibanda kilefurika mpaka watoto wakapanda mwembe. Mimi ni mpenzi wa mojawapo ya timu hizo, sitasema ipi kwa kuwa nina wazazi wa pande zote mbili. Sisemi kwamba kandanda ipunguziwe. Nasema kwamba katika magazeti niliyoyaona juma lile, nafasi iliyotumika kueleza mchezaji fulani ameshuka uwanja wa ndege akiwa amevaa nini ingetosha kuandika matokeo ya timu zote 12 za kikapu cha wanawake za Paris na bado pakabaki mahali pa tangazo la mbolea.

Tarehe 11 Agosti ilikuwa fainali, Marekani na Ufaransa. Marekani walishinda 67 kwa 66, dhahabu yao ya nane mfululizo. Sekunde ya mwisho Gabby Williams wa Ufaransa alitupa mpira ukaingia, watu wakadhani ni pointi tatu na mchezo umekuwa sare, kumbe kiatu chake kilikuwa kimekanyaga mstari, zikahesabiwa mbili. Nilipowasimulia wanafunzi wangu, walitoka nje wakachora mstari ardhini kwa mti na kuanza kupimana viatu, na wasio na viatu wakapimwa vidole. Habari kama hiyo ina kasoro gani hata isiandikwe?

Wapo watakaosema kwamba Nigeria ina wenyewe, waandikiwe na magazeti yao. Lakini hata kwao timu hii haikuthaminiwa inavyostahili. Mwezi Mei 2022 serikali yao iliiondoa nchi katika mashindano yote ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili, kwa sababu ya ugomvi wa viongozi wa chama cha mchezo. Wachezaji walikuwa wamekwisha pata nafasi ya Kombe la Dunia la Sydney kwa jasho lao. Mwezi uliofuata serikali ilibadili uamuzi, lakini nafasi ilikuwa imekwisha pewa Mali, ambao walikwenda wakafungwa michezo yote mitano. Na huko Paris penyewe, siku ya ufunguzi tarehe 26 Julai 2024, iliripotiwa kwamba wachezaji hao na kocha wao walizuiwa kupanda mashua ya ujumbe wa nchi yao pale mto Seine. Siku tatu baadaye ndipo wakawafunga Australia. Agosti 2025, walipotwaa ubingwa wa Afrika mara ya tano mfululizo kule Abidjan kwa kuwafunga Mali 78 kwa 64, Rais wa nchi yao akampa kila mchezaji nyumba pamoja na fedha za thamani ya dola 100,000. Nimefurahi kwa ajili yao. Ila kati ya mwaka ule wa kunyang'anywa Sydney na mwaka huu wa nyumba, walicheza wakiandikwa na wachache, na wakasikilizwa na wachache zaidi.

Wala si Nigeria tu. Mwaka 2023 mashindano ya Afrika yalifanyika jirani kabisa, Kigali, na wasichana wa Rwanda wakafika nusu fainali na kumaliza wakiwa wa nne, mbele ya watu wa kwao waliojaa uwanjani. Uganda nao walikuwapo. Mwaka 2025 Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, walishiriki kwa mara ya kwanza na wakarudi na medali ya shaba. Hao ni watu wa ukanda wetu, tunaopakana nao au kupakana na majirani zao. Nilimwuliza mkaguzi mmoja aliyetutembelea, mtu mwenye redio, televisheni na magazeti ya kila siku, kama anajua Rwanda ilifika wapi. Hakujua kwamba mashindano yalikuwapo. Lakini alimjua Hasheem Thabeet, na mwaka 2009 alipochaguliwa wa pili na timu ya Memphis kule Marekani aliujua na mwezi wake. Huyo kijana wetu alitangazwa vizuri, na ilistahili. Shuleni kwangu wavulana warefu bado wanaitwa Hasheem. Msichana mrefu anaitwa twiga.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, na kwa wenzako wa redio, ni dogo na halina gharama kubwa. Kunapokuwa na mashindano makubwa ya timu za taifa za wanawake, iwe kikapu, pete au mchezo mwingine, tuwekeeni kisanduku kimoja katika ukurasa wa michezo kila siku mpaka mashindano yaishe. Andikeni waliocheza, walivyofungana, aliyeongoza kwa pointi, na mchezo unaofuata utakuwa saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki, maana sisi huku hatujui saa za Paris. Msisubiri medali ndipo mtoe picha. Anayeletewa picha ya medali tu hajui njia iliyopitiwa, na wanafunzi wangu nataka waijue njia, pamoja na ile siku ya 75 kwa 54. Tena tafadhali mtangazaji aambiwe kwamba katika kikapu hakuna mabao.

Na wasomaji wenzangu, hasa walimu, waandikeni wahariri. Inawezekana kabisa kwamba hawaandiki kwa kuwa wanadhani hakuna anayesoma. Mwenye kibanda alidhani hivyo hivyo.

Karatasi ya Paris bado iko ukutani, imeanza kuliwa na mchwa upande wa chini. Nilipopata habari kwamba kwa ubingwa wa Abidjan Nigeria wamejipatia nafasi ya Kombe la Dunia la mwaka 2026 mjini Berlin, nilinunua nyingine na kuipiga mistari. Wasichana wa darasa waliniomba niache nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya kila mchezo, kwa sababu safari hii wanataka kuandika na majina ya wafungaji.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa.